Misafara ya Merikebu na Shehena ya Katanga

Swali lililowasumbua maamiri wa bahari katika vita vikuu vyote viwili vya karne ya 20 lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: merikebu za biashara zenye kuchukua chakula, mafuta na madini, zikiwa zinawindwa na adui asiyeonekana, je, husalimika zaidi zikitawanyika, kila moja ikashika njia yake, au zikikusanywa kundi moja zikaenda pamoja chini ya ulinzi wa manowari? Sisi tukaao Kisenge, Katanga, ambao bahari kwetu ni habari ya kusimuliwa, twaweza kudhani kwamba swali hilo ni la watu wa pwani na halituhusu ndewe wala sikio. Lakini reli ipitayo kusini mwetu, itokayo Tenke na Kolwezi ikafuata Mutshatsha hadi Dilolo na kuingia Angola, haikujengwa kwa ajili ya kusafirisha abiria. Ilijengwa ili mawe ya Katanga yafike Lobito, na Lobito iko ukingoni mwa Atlantiki. Tangu njia hiyo ilipounganishwa mwaka 1931, mtu aliyetaka kujua hali ya kazi katika migodi yetu ilimpasa kujua pia hali ya maji yaliyo mbali kilomita 1,300 na zaidi kutoka mpaka wa Dilolo.

Nia yangu katika uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba jawabu la swali la baharini lilipatikana, tena kwa gharama kubwa ya roho za watu, lakini lilikuwa nusu tu ya jawabu. Kwa sababu msafara wa shehena ya madini hauanzi bandarini, bali huanza pale nyundo igongapo jiwe.

Wazee wa nchi hii hawakuhitaji kufundishwa na Mzungu faida ya kusafiri pamoja. Zama za mfalme Msiri wa Bunkeya, kabla hajauawa mwezi wa Desemba 1891, shaba na pembe za Katanga zilikwenda Benguela upande wa magharibi na pwani ya Waswahili upande wa mashariki kwa misafara ya wapagazi. Mfanyabiashara aliyejiendea peke yake alinyang'anywa njiani, na yule aliyejiunga na msafara mkubwa alilazimika kungoja hata watu wakamilike, kisha akatembea kwa mwendo wa mpagazi aliyechoka kupita wote. Usalama ulinunuliwa kwa wakati. Merikebu za Atlantiki zilifanya biashara hiyo hiyo, kwa bei iliyo ghali zaidi.

Ajabu ni kwamba mabaharia wakuu wa dunia waliikataa biashara hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1917 Wajerumani walipotangaza, mwezi wa Februari, kwamba nyambizi zao zitazamisha bila ya onyo kila merikebu itakayovikaribia visiwa vya Uingereza, wakuu wa manowari wa Kiingereza walikuwa na hoja tatu za kuukataa msafara, ambazo ukizisikia mara ya kwanza zina sura ya hekima. Walisema kwamba kundi la merikebu ni shabaha kubwa kuliko merikebu moja. Kwamba manahodha wa biashara, waliozoea kila mmoja kuwa sultani wa sitaha yake, hawataweza kushika mstari usiku bila ya taa. Na kwamba bandari zitafurika siku msafara ukiwasili, kisha zikae tupu hata msafara mwingine. Fauka ya hayo walitoa hesabu: merikebu 5,000 huingia na kutoka katika bandari za Uingereza kila juma, na manowari za kutosha kuilinda idadi hiyo hazipo. Ilihitajika ofisa wa cheo cha kati, Reginald Henderson, aulize idadi hiyo imetoka wapi, ndipo ilipodhihirika kwamba ndani yake vilihesabiwa hata vyombo vidogo vipitavyo kutoka bandari moja ya Kiingereza hadi ya jirani, ilhali merikebu za bahari kuu zilikuwa baina ya 120 na 140 tu kwa juma. Takwimu iliyokuwa ikitangazwa ili walimwengu waone kwamba biashara ya Uingereza haijatetereka iliwatisha wenyewe walioitangaza. Katika Aprili ya mwaka huo zilizama tani zaidi ya 800,000, na katika kila merikebu nne zilizotoka Uingereza kwenda bahari kuu, moja haikurudi. Mwezi wa Mei ndipo msafara wa kwanza wa majaribio ulipotoka Gibraltar, na tangu hapo hasara ikaanza kushuka.

Kwa nini hoja ya shabaha kubwa ilikuwa batili, licha ya kuvutia akili? Jawabu limo katika upana wa bahari. Nahodha wa nyambizi, akisimama juu ya mnara wake mfupi, haoni mbali sana. Na merikebu arobaini zikienda pamoja huonekana kutoka umbali uliozidi kidogo tu ule ambao merikebu moja huonekana. Basi merikebu arobaini zilizotawanyika humpa mwindaji nafasi arobaini za kukutana na windo lake, na zikikusanyika humpa nafasi moja na ushei. Bahari iliyobaki huwa tupu. Hata akibahatika kuukuta msafara, hupata nafasi ya kutupa topido chache kabla manowari za ulinzi hazijamshurutisha kuzama, na wakati yuko chini, akienda kwa mwendo wa kinyonga, msafara umekwisha mpita. Msafara ulimlazimisha adui kuja mwenyewe mahali walipo walinzi, badala ya walinzi kuhangaika kumtafuta katika maji yasiyo na mwisho. Na jambo hili, lililo dhahiri kama mchana baada ya kuelezwa, liliwagharimu Waingereza miaka mitatu ya vita vya kwanza kulifahamu, na Wamarekani nusu mwaka wa vita vya pili, pale nyambizi zilipofika pwani yao Januari 1942 na kukuta merikebu zikipita moja moja huku taa za miji zikiwaka nyuma yake.

Katika vita vya pili hesabu ilikwenda mbali zaidi. Mtaalamu wa fizikia, Patrick Blackett, pamoja na wenziwe waliowekwa kuwasaidia wakuu wa manowari, waliona kwamba idadi ya merikebu zinazozamishwa katika msafara mmoja hufuata wingi wa nyambizi na wingi wa walinzi, wala haifuati wingi wa merikebu zenyewe. Msafara ukiongezwa maradufu, mzingo wa kulindwa huongezeka kwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo walinzi wale wale huweza kulinda mali maradufu. Ulikuwa ushauri wa kutisha kwa kila aliyelelewa katika hofu ya kuweka mali yote mahali pamoja, na haukufuatwa mpaka 1943, na ulipofuatwa ulithibitika. Msafara mkubwa kupita yote ya vita hivyo, uliovuka kutoka Amerika ya Kaskazini katika Julai na Agosti 1944, ulikuwa na merikebu zaidi ya 160, na haukupoteza hata moja kwa adui.

Yafaa kuutazama msafara kwa karibu. Merikebu zilipangwa safu nyingi zenye merikebu chache chache, hata umbo lake likawa pana kwa mbele na fupi kwa kwenda nyuma, maana topido hupigwa kutoka ubavuni, na ubavu mfupi ni shabaha ndogo. Baina ya safu na safu uliwekwa umbali wa karibu kilomita moja, na baina ya merikebu na ile iliyoitangulia mita mia nne hivi, jambo ambalo mchana kweupe ni rahisi, lakini usiku wa mawimbi na ukungu, taa zote zimezimwa, humfanya nahodha asipate lepe la usingizi. Kiongozi wa merikebu za biashara aghalabu alikuwa amiri mzee aliyekwisha kustaafu, akakubali kurudi baharini kwa cheo kilicho chini ya kile alichostaafu nacho. Moshi ulikatazwa, taka zilikatazwa kutupwa mchana, kwa kuwa taka zieleazo ni alama ya njia. Na merikebu iliyoharibika mtambo iliachwa. Msafara haukusimama. Mabaharia wa merikebu iliyopigwa walimwona jirani yao akiwapita karibu kiasi cha kuzitambua sura za watu walio sitahani, wala hakupunguza mwendo, kwa sababu aliyepunguza mwendo ndiye aliyekuwa windo la pili. Kazi ya kuwaokoa iliachiwa merikebu maalumu ya nyuma kama ilikuwapo, na mara nyingi haikuwapo.

Bei ya wakati nimekwisha kuitaja. Misafara ya polepole ilikwenda maili saba za baharini kwa saa, na iliyoitwa ya haraka ilikwenda tisa au kumi. Merikebu iliyoweza kwenda kumi na nne ilijiona imefungwa kamba na vikongwe. Kwa hiyo Novemba 1940 Waingereza walizipa ruhusa merikebu zenye kasi ya maili kumi na tatu kwenda peke yake. Hasara ikapanda, na Juni 1941 kiwango kikarudishwa kuwa kumi na tano. Maili mbili kwa saa ndizo zilizotenganisha uhai na mauti, na sidhani kama kuna ushahidi mwingine ulio wazi kama huu kwa mtu mwenye kutilia shaka manufaa ya msafara. Katika merikebu zote za washirika zilizozamishwa na nyambizi katika vita hivyo, zile zilizokuwamo ndani ya misafara hazikufika theluthi.

Sasa na tugeukie shehena yetu. Ubelgiji ilisalimu amri tarehe 28 Mei 1940, na siku ile ile Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, huko Léopoldville, alitangaza kwamba Kongo itaendelea na vita upande wa washirika. Na mwezi wa Januari 1941 mkataba ulitiwa saini ambao kwa huo Uingereza ilijifunga kununua shaba na mazao mengine ya koloni. Kabla ya vita shaba ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, ilikwenda kwa wingi Antwerp. Sasa Antwerp ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na shaba ile ile ikahitajika kwa maganda ya risasi na nyaya za simu za wale waliokuwa wakipigana nao. Union Minière iliyotoa tani kama 120,000 za shaba mwaka 1939 ilifika tani kama 165,000 mwaka 1944. Na Wajapani walipoitwaa Malaya na kuingia Singapore Februari 1942, bati la Manono nalo likapanda daraja kutoka bidhaa ya kawaida hadi kuwa mali ya kuombwa.

Njia za kutokea zilikuwa nne, kila moja ikiwa na kilema chake. Ya Lobito ilikuwa fupi, lakini ilipita katika Angola ya Wareno, waliojitangaza kuwa si wa upande wowote, na penye bandari ya namna hiyo macho ya adui hayakosi kukaa. Ile Wabelgiji waliyoiita njia ya taifa ilibaki katika ardhi ya Kongo: reli hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha mashua za mto Kasai hadi Léopoldville, kisha reli tena hadi Matadi, kila mzigo ukapakiwa na kupakuliwa mara mbili kabla ya kuiona merikebu. Ya kusini ilipita Rhodesia hadi Beira. Ya mashariki ilipita Kabalo hadi Albertville, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kushuka Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na gati lao tangu baada ya vita vya kwanza. Merikebu zilizopakia Matadi kwenda Uingereza zilipanda kwanza hadi Freetown, Sierra Leone, zikangoja katika hori lile kubwa, kwenye joto na malaria, mpaka msafara utimie.

Freetown ndipo palipokuwa mlango, na mlangoni ndipo mwizi hujibanza. Machi 1941 nyambizi mbili ziliunyemelea msafara mmoja kutoka hapo zikazamisha merikebu saba na kuijeruhi hata manowari kubwa Malaya iliyokuwa ikiulinda. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo nyambizi moja tu, U-107, ilizamisha merikebu 14 katika safari moja, nyingi katika maji ya Afrika Magharibi, na hakuna safari ya nyambizi iliyoipita kwa hasara katika vita vyote. Septemba, msafara wa merikebu 11 ulipoteza saba. Lakini mkasa wenye kufikirisha zaidi ni ule wa msafara namba 125, uliong'oa nanga Freetown Oktoba 1942 ukiwa na merikebu 37 na walinzi haba. Kundi la nyambizi liliufuata usiku baada ya usiku na kuzamisha 12. Na wakati nyambizi hizo zinashughulika nao, misafara mikubwa ya askari iliyokuwa ikielekea Moroko na Aljeria kwa uvamizi wa Novemba ilipita salama salimini. Wako waliosema msafara ule ulitolewa kafara kwa makusudi. Mimi sijaona hoja ya kutosha ya kuthibitisha makusudi hayo, na sadfa katika vita si jambo la nadra. Ila ni kweli kwamba kwa yule aliyekuwa majini, ikiwa ni sadfa au ni tadbiri, maji yalikuwa na chumvi ile ile.

Watu wa madini watalielewa jambo moja ambalo wengine hulisoma bila ya kulitia maanani. Merikebu iliyobeba mbao hukawia kuzama, kwa sababu shehena yenyewe huelea. Iliyobeba mawe ya chuma au ya manganizi ni balaa. Mawe hayo ni mazito hata merikebu hufika alama yake ya mwisho ya kuzama majini wakati ngama bado iko wazi kwa sehemu kubwa. Mtu akichungulia ataona chungu chache chini na ukumbi mtupu juu yake. Topido likipasua ubavu, maji huujaza ukumbi huo bila ya kizuizi, na merikebu huteremka kabla mashua za kuokolea hazijafunguliwa. Mawe ya chuma ya Sierra Leone, yaliyopakiwa Pepel, na manganizi ya Nsuta katika Gold Coast, yaliyopakiwa Takoradi, yalikwenda Uingereza kwa njia hii ya Freetown, na mabaharia waliopangwa katika merikebu za mawe walijua kwamba wakiwa chini kwenye chumba cha mitambo hawatapanda ngazi zikatimia. Aliyepata kunyanyua gunia la manganizi ya Kisenge hahitaji kuchorewa picha.

Hapa ndipo inapofaa kuitaja shehena iliyopita zote kwa uzito wa matokeo yake, nayo haikwenda na msafara. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière aliyekuwa amehamia New York, aliamuru mwaka 1940 kwamba mawe ya urani yaliyokwisha kuchimbwa Shinkolobwe, karibu na Jadotville ambayo ndiyo Likasi, yapelekwe Marekani. Yakashuka hadi Lobito, na kabla ya mwaka kwisha tani kama 1,200 zilivuka Atlantiki katika merikebu za kawaida na kuwekwa ghalani Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000. Zilikaa huko karibu miaka miwili kabla jeshi la Marekani halijazitaka. Kanali Kenneth Nichols alipomwendea Sengier Septemba 1942, aliambiwa kwamba mali anayoitafuta Afrika iko ng'ambo ya mji. Mgodi uliokuwa umefurika maji ukafunguliwa upya, na shehena zilizofuata, ambazo baadaye zilipitishwa Matadi ili kuepuka macho ya Lobito, zilipakiwa katika merikebu zenye mwendo wa kasi zilizokwenda peke yake. Mbili tu zilipotea: moja kwa nyambizi, na nyingine kwa ajali ya baharini.

Je, uamuzi huo unaivunja hoja ya msafara? Hauivunji, bali unaionyesha mipaka yake. Msafara ni kinga ya wingi: hukubali kwamba baadhi watapotea, ukapunguza idadi ya baadhi hao. Kwa mwenye shehena ndogo iliyo nadra, tena ya siri, kukusanyika Freetown kwa majuma huku makuli, mawakala na wapelelezi wakihesabu merikebu ni hatari kubwa kuliko nyambizi. Merikebu ya kasi humpa adui saa chache tu za kuamua. Hekima ya Wamarekani ilikuwa kutambua kwamba shaba na urani, ijapokuwa zimetoka katika ardhi moja na kupita reli moja, hazikustahili kinga moja.

Si kila aliyekutana na nyambizi alikutana na ukatili. Merikebu ya Kibelgiji iliyoitwa Kabalo, kwa jina la mji ulio kwenye mto Lualaba, ilizamishwa Oktoba 1940 na nyambizi ya Kiitalia, Cappellini. Nahodha wa nyambizi hiyo, Salvatore Todaro, aliifunga kamba mashua ya mabaharia 26 walionusurika akaivuta. Mashua ilipovunjika akawapandisha kwake, akaenda juu ya maji kwa siku kadhaa akijihatarisha yeye na watu wake, mpaka akawateremsha kisiwani Santa Maria katika Azores. Inasemekana wakuu wake hawakupendezwa.

Kwa Waafrika Mashariki, hata hivyo, mkasa wa msafara unaostahili kukumbukwa kuliko wote haukutokea Atlantiki. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa merikebu tano za askari ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ukilindwa na manowari Hawkins na nyinginezo. Ndani ya mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo zaidi ya watu 1,500, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa nchi zetu waliokuwa njiani kwenda kupigana na Wajapani Burma. Alasiri ya tarehe 12, kusini mwa visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda usiotimia dakika mbili. Walikufa 1,297. Msafara mzima ulikuwa na walinzi, saa ilikuwa ya mchana, bahari ilikuwa shwari. Na yaliyofuata ni mazito zaidi: nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea wale walionusurika, na manowari Petard, kwa kuwa merikebu nne zilizobaki zilikuwa zingali zimejaa watu, ilipita katikati yao ikitupa mabomu ya vilindini. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo.

Nahodha wa Petard alifanya hesabu, na sidhani kama mtu aliyekaa juu ya kiti mahali pa amani ana haki ya kumhukumu. Manowari hiyo hiyo, Oktoba 1942 katika bahari ya Kati, ilikuwa imeiteka nyambizi U-559, na mabaharia wake wawili walizama pamoja nayo baada ya kutoa vitabu vya siri vilivyowawezesha wafumbuzi wa maandishi ya siri wa Kiingereza huko Bletchley kuzifahamu tena amri za nyambizi za Atlantiki. Maelfu ya watu waliokolewa kwa vitabu hivyo.

Zamu ya Atlantiki iligeuka mwaka 1943, na sababu zake zimeandikwa mara nyingi kiasi kwamba nitazipita upesi: ndege za masafa marefu zilizoziba pengo la katikati ya bahari, merikebu ndogo za kubeba ndege, rada ya mawimbi mafupi, mitambo ya kujua sauti ya simu ya adui inatoka wapi, na misafara mikubwa yenye walinzi wa kutosha. Mwezi wa Mei nyambizi zaidi ya 40 zilipotea, na Amiri Dönitz, mkuu wa nyambizi za Kijerumani, akaziondoa zilizobaki katika njia kuu ya kaskazini. Katika Wajerumani kama 40,000 waliokwenda vitani kwa nyambizi, karibu 30,000 hawakurudi. Upande wa pili, mabaharia wa biashara wa Uingereza pekee waliokufa walikaribia idadi hiyo au kuizidi.

Mabaharia hao hawakuwa askari, wala wote hawakuwa Waingereza. Wakru wa Afrika Magharibi, Wahindi, Wachina, Wasomali na Wayemeni wa Aden walijaza vyumba vya moto vya merikebu za Kiingereza kwa mishahara iliyo chini ya ile ya wenzao weupe, na Wakongo walifanya kazi katika zile za Kibelgiji, ikiwamo Léopoldville, iliyojengwa kwa ajili ya njia ya Matadi na kuzamishwa mbele ya Cherbourg mkesha wa Noeli ya 1944 ikiwa imejaa askari wa Kimarekani. Mpaka Mei 1941, kwa desturi ya Kiingereza, mshahara wa baharia ulikatwa siku merikebu yake ilipozama. Saa alizokaa juu ya ubao akingoja kuokolewa hazikuwa saa za kazi.

Na huku nyuma, mwanzoni mwa msafara, hali ilikuwaje? Vita viliongeza kazi migodini na kupandisha bei ya nguo na bidhaa zilizotoka ng'ambo, kwa kuwa merikebu zilizochukua shaba hazikurudi na marekani na masufuria. Mshahara wa mchimbaji haukupanda kwa kiasi hicho. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo, mjini Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika katika uwanja wa mpira, na makumi wakafa, mmoja wao akiwa msemaji wao Léonard Mpoyi. Ukiiandika habari ya shaba iliyovuka Atlantiki ukahesabu waliokufa kwa topido, kisha ukaacha kuwahesabu hawa, umeianza hesabu katikati. Wao nao walikufa katika njia ya shehena hiyo, kwenye kipande chake cha kwanza, ambacho hakikuwa na ulinzi ila bunduki zilizowaelekea wao.

Manganizi yetu haikuwamo katika vita hivyo. Kampuni ya Bécéka-Manganèse ilianza kazi Kisenge miaka ya 1950, ikaunganisha mgodi na njia kuu kwa tawi la reli, na mawe yakaenda Lobito kwa robo karne katika bahari isiyo na nyambizi. Kisha Agosti 1975 vita vya Angola viliikata reli hiyo ya Lobito, iitwayo reli ya Benguela. Bahari ilikuwa wazi, bandari ilikuwapo, merikebu zilikuwapo, wanunuzi walikuwapo; lakini madaraja yalivunjwa, na mawe yaliyokwisha kuchimbwa yakalala chungu chungu hapa Kisenge. Kile ambacho nyambizi za Dönitz hazikuweza kuifanyia Katanga kwa miaka mitano na ushei, baruti iliyotegwa chini ya madaraja ya reli ilikifanya kwa msimu mmoja.

Siku hizi habari za Lobito zimerudi kwa kishindo. Mwaka 2024 shaba iliyotoka upande wa Kolwezi ilipakiwa huko ikavuka kwenda Marekani, na wageni wenye suti wamekuwa wakitembelea stesheni ambazo kwa miaka hawakuzijua majina. Mwaka huo huo, katika bahari ya Sham, merikebu za biashara zilipigwa makombora, manowari za Ulaya zikatumwa kuzisindikiza, na nyingi zikaona heri kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Swali la 1917 limeamka. Wajumbe wa jimbo letu la Lualaba watakaoketi mezani kuijadili njia hiyo wasikubali kuonyeshwa picha za gati peke yake: waulize kwanza madaraja baina ya Dilolo na pwani yatalindwa na nani siku ya fitina, mshahara wa mpakiaji utapandaje bei zikipanda, na tawi la reli la Kisenge litatengenezwa lini.